Maji Kwenye Kalibu

18 Januari 1987

Dada,

Shikamoo. Mimi na shemeji hatujambo, ila baridi ya huku asubuhi inang'ata masikio kama ina ugomvi na mtu. Ile homa niliyosafiri nayo imeniacha. Msalimie Baba. Mpwa wangu mwambie mjomba wake anamtafutia penseli za rangi, asichoke kungoja.

Sasa nikupe habari za kazi, maana najua Baba atakuuliza kila kitu. Shemeji amefanikiwa kuniingiza kwenye mashine yake. Kiwandani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Hata mashine ikinguruma, yeye anaongea juu yake.

Kazi yenyewe ni ileile ya Baba, ila huku imekasirika. Baba anamimina alumini kwenye kalibu ya mchanga, anangoja ipoe, anauvunja mchanga, anatoa sufuria. Huku kalibu ni ya chuma, vipande viwili vikubwa vinavyofumbana kama taya. Shemeji anachota alumini iliyoyeyuka kwenye tanuri kwa upawa wenye mpini mrefu, anaimimina kwenye bomba pembeni ya kalibu, halafu pistoni inaisukuma ndani kwa nguvu ya ajabu. Ukipepesa jicho umekosa kuona. Unavuta pumzi chache, taya zinafunguka, na kitu kinasukumwa nje kikiwa kamili mpaka herufi zake: kifuniko cha pampu ya maji. Tunapulizia dawa ili kinachofuata kisinate kwenye kalibu, tunafunga, tunaanza upya. Kutwa nzima ni hivyo.

Nilidhani jambo gumu litakuwa moto. Kumbe jambo gumu ni kiasi cha moto. Kalibu ikiwa baridi, alumini inaganda kabla haijafika pembeni, na kifuniko kinatoka na mikunjo kama shuka lililolaliwa. Ikiwa moto kupita kiasi, alumini inang'ang'ania chuma mpaka uibandue kwa patasi, na ndani inabaki na matundu. Inatakiwa ikae katikati, isipande wala isishuke. Kwa hiyo ndani ya chuma cha kalibu wametoboa njia, na mashine nyingine pembeni inapitisha humo mafuta ya moto. Asubuhi mafuta hayo yanaipasha kalibu kabla hatujamimina chochote. Kazi ikikolea, mafuta hayohayo yanaondoa joto lililozidi. Redio anaiita mashine hiyo Mama Mkwe. Anasema usipoanza siku kwa kumwamkia, nyumba nzima haina amani.

Ameniagiza nikwambie kwamba anakula vizuri. Si kweli. Anaongea mpaka chakula kinapoa, kisha analalamika kwamba kimepoa.

Ni mimi, ndugu yako.


22 Februari 1987

Mdogo wangu,

Barua yako imenifikia, na nimeisoma kwa sauti mara mbili kwa sababu Baba alitaka kuisikia tena. Sisi ni wazima kiasi. Mvua imeanza vibaya, inanyesha pasipolimwa. Binti yetu ameanza shule na amejifunza kuandika neno baba, ila herufi b zake zinatazama nyuma. Kifua cha Baba hakijatulia. Chungu cha kuyeyushia hawezi tena kukinyanyua, ninakinyanyua mimi na jirani, naye anakaa kwenye kigoda akituelekeza na kutukosoa.

Kuhusu kupasha kalibu, Baba amesema, "Hao wanajua kazi." Amefurahi kweli. Wewe ulizaliwa nyuma yangu, labda hukumbuki. Kofi pekee alilowahi kunipiga ni siku niliyokuja karibu na tanuri na nywele zinadondosha maji. Sikuelewa. Alikuwa na rafiki yake aliyemimina alumini kwenye kalibu iliyolala nje ikapata umande. Hadithi hiyo huwa anaianza, haimalizi. Ndiyo maana mpaka leo hata kijiko cha kukorogea anakikausha juu ya makaa kwanza.

Sasa neno lenyewe. Baba anataka mume wangu arudi nyumbani achukue ua huu na tanuri yake. Hasemi kwamba amechoka, anasema tu kwamba mchanga umekuwa mzito. Mwambie mwenzangu. Mwambie aje kabla ya katikati ya mwaka, na asinijibu kwa hotuba.

Dada yako.


5 Aprili 1987

Dada,

Shikamoo. Barua yako imetukuta wazima. Baba mpe pole ya kifua. Habari ya herufi zinazotazama nyuma Redio ameizungusha kiwanda kizima, mpaka msimamizi wetu, ambaye si mtu wa kucheka, amecheka.

Kazi imeharibika. Mama Mkwe amekufa. Pampu yake iliungua, mafuta yakatapakaa sakafuni, na kipuri tunaambiwa kiko njiani. Msimamizi akaamuru tuunganishe mpira wa maji ya bomba kwenye zile njia za ndani ya kalibu. Lakini maji si mafuta. Mafuta yalikuwa yanapasha na yanapoza kwa upole. Maji yanajua kupoza tu, tena kwa ukali. Kwa hiyo asubuhi tunaipasha kalibu kwa moto wa gesi, unalamba uso wake na ndani kunabaki baridi. Vifuniko vya kwanza vyote tunavirudisha kwenye tanuri. Kazi ikishakolea, maji ya baridi yanapita ndani ya chuma cha moto, chuma kinanywea, kisha alumini inaingia, kinatanuka. Kutwa nzima kinavutwa huku na huku. Kimechoka. Uso wa kalibu umeota nyufa nyembamba, wavu mzima, kama kisigino cha mtu anayetembea peku.

Redio alimfuata msimamizi ofisini. Alipotoka hakuongea, nami nikajua mambo si mazuri. Baadaye aliniambia jibu alilopata: wakubwa wa juu wanataka vifuniko, hawataki hadithi za mafuta. Anasema msimamizi mwenyewe alikuwa na uso wa mtu asiyelala.

Kuhusu kurudi amekubali, mwisho wa Juni. Anataka akuandikie mwenyewe hapa chini.

Ndugu yako.

Mke wangu, huyu ndugu yako anaandika kama mtu anayetafuna karanga mojamoja. Mimi ningejaza karatasi mbele, nyuma na pembeni, lakini ameniachia nafasi ya upana wa kidole. Mwambie Baba nakuja kufanya kazi ya mchanga, chuma nimekinai. Mwambie binti yangu asizigeuze herufi zake, zinatazama nyuma kuangalia kama baba yake anakuja. Nitakuja na maneno ya miezi yote hii, mpaka uniombe nirudi kazini.


11 Mei 1987

Mdogo wangu,

Sisi tupo. Kifua cha Baba usiulize. Mtoto hajambo.

Nilimsomea Baba barua yenu. Nilipofika kwenye mpira wa maji akanyanyua mkono nisiendelee, akakaa hivyohivyo mkono uko juu. Kisha akasema niwaandikie leo hii. Maneno yake ni haya: "Maji na alumini iliyoyeyuka visilale nyumba moja, hata kama wamejenga ukuta katikati. Ukuta huchoka."

Mwambie mume wangu asingoje mwisho wa Juni. Aache, aje. Chumba nimekipaka chokaa, dirisha limepata bawaba mpya. Barua ni fupi kwa sababu nataka iwahi gari la posta.

Dada yako.


28 Juni 1987

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, mambo yalikuwa mengi. Hali ya hewa huku imekuwa nzuri. Nimepata chumba kingine karibu na soko, kikavu, na mlango unafungika vizuri. Mama mwenye nyumba anafuga njiwa. Kuna mmoja mweupe anakuja mpaka dirishani kwangu, hana woga hata kidogo. Penseli za mpwa wangu nimeshazipata, nitazituma.

Shemeji anakusalimu. Mwezi huu hataweza kuja. Kazi ni nyingi, halafu ameumia mkono kidogo, si jambo la kukutia hofu, ndiyo maana hakuandika hapa chini. Mpe muda.

Mimi kwa sasa siko kwenye mashine yetu. Ile kalibu imetolewa, ufa mmoja ulifika kwenye njia ya maji, wameipeleka kuchomelewa. Nimehamishiwa uani, napanga vyuma chakavu. Ni kazi nyepesi, nakaa juani.

Baba anaendeleaje?

Ndugu yako.


15 Julai 1987

Mdogo wangu,

Salamu utanisamehe leo. Baba yuko kitandani, mtoto yuko shuleni. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Umenieleza njiwa wa mwenye nyumba, rangi yake na tabia yake. Tangu uzaliwe hujawahi kunisimulia habari za ndege. Unasema mume wangu ameumia mkono. Upi? Mtu aliyeumia mkono mdomo wake unafanya kazi. Yule angekaa pembeni yako akakuamuru uandike hiki, futa kile, mpaka karatasi iishe. Wewe umeniletea barua nzima isiyo na hata neno lake moja.

Halafu umeandika kwamba ufa ulifika kwenye njia ya maji. Umeliandika kama mtu anayesema jana kulikuwa na mawingu. Umesahau nimelelewa wapi? Kama ufa ulifika kwenye maji, basi maji yaliingia ndani ya kalibu. Kama yaliingia na hakuna aliyejua, alumini iliyafuata humo humo. Kuanzia hapo huna haja ya kunieleza, mimi naweza kukueleza. Maji yale hayapati nafasi hata ya kuchemka. Yanageuka mvuke papo hapo, mvuke unatafuta pa kutokea, na unatoka pamoja na alumini. Na anayesimama pale na upawa mkononi ni mume wangu.

Baba sijamsomea. Nimemwambia hamjaandika.

Niambie kama yuko hai. Niambie ni sehemu gani ya mwili. Usinipoze, mimi si mtoto.

Dada yako.


9 Agosti 1987

Dada,

Shikamoo. Yuko hai.

Ni uso, Dada. Uso, shingo na mkono wa kulia. Macho yote mawili hayapo tena.

Ilikuwa asubuhi, mwanzo wa zamu. Mpira wa maji ulikuwa umeachwa wazi tangu jana yake, mashine imepumzika, kwa hiyo maji yalipata muda wa kupenya taratibu. Mimi nilikuwa naipiga kalibu moto wa gesi. Redio akachungulia, akasema kalibu inatoa jasho. Chuma baridi kikipigwa na moto wa gesi hutoa jasho kweli, sote tunalijua hilo, na msimamizi alisema hivyohivyo: jasho tu, litakauka. Redio akasema jasho halishuki kwa mstari mmoja. Akaniambia niongeze moto chini. Tulikuwa tumechelewa, na wakubwa walikuwa wameshapiga simu. Msimamizi akanituma stoo nikalete dawa ya kupulizia, akashika vitufe vya mashine yeye mwenyewe. Mashine ina mlango wa bati wa kutukinga alumini ikiruka, nao msimamizi alikuwa ameufunga kwa waya ubaki wazi, tangu wiki iliyotangulia, kwa sababu ulikuwa unakwama na kutupotezea muda. Redio akamimina.

Nilikuwa nimefika mlango wa stoo. Nilisikia mlio mmoja mfupi, kama bati lililodondoka. Niliporudi alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta wa tanuri, mikono ameinyanyua mbele ya uso bila kuugusa. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama taa zimezimika.

Njiani kwenda hospitali aliniapisha nisikwambie.

Baadaye kulikuwa na kikao cha kuchunguza. Ilisemwa kwamba waya wa mlango aliufunga Redio mwenyewe, na kwamba alimimina kabla hajaambiwa. Nilisimama nikasema nilichokijua: nani aliufunga waya ule, nani alishika vitufe. Wenzetu wa zamu wakaulizwa mmojammoja, wote wakatazama sakafu. Wana watoto. Siwalaumu, wala siwezi kula nao. Kesho yake ndipo nikapelekwa uani kwenye vyuma chakavu, na neno langu halikubadilisha kitu.

Kuna jingine. Siku moja hospitalini Redio alinishika shati, akanivuta mpaka sikio langu likawa mdomoni kwake. Akasema, "Mwandikie kwamba nimekufa. Atalia, atamaliza, ataolewa. Kwa hivi nilivyo hatamaliza." Niliiandika barua hiyo, Dada. Nilifika nayo mpaka posta, nikasimama kwenye foleni, nikaichana. Ndiyo maana nilichelewa, na ndiyo maana nikaja kukuandikia upuuzi wa njiwa.

Nilipomwambia kwamba sikuituma, aligeukia ukutani. Tangu siku ile hasemi na mtu. Wauguzi wapya wanadhani ni bubu.

Ndugu yako.


27 Agosti 1987

Mdogo wangu,

Asante kwa kuichana.

Baba hawezi kuachwa. Anakula uji kwa mkono wangu, na akikohoa lazima kuwe na wa kumwinua. Mama Mdogo ameahidi kuja kunipokea mara tu mavuno yake yakiisha, na siku akitia mguu hapa mimi napanda gari. Haya yaliyo chini msomee mwenyewe. Sogea karibu na sikio lake, na watu waondoke.

Mume wangu, nimesikia ulichotaka niandikiwe. Nimekasirika, na nikifika tutagombana, kwa hiyo uwe na nguvu za kugombana. Unadhani niliolewa na macho yako? Kabla sijakuona nilikusikia. Ulikuwa nje ya ua wa Baba unabishana na muuza mkaa, nikamwambia Mama, huyu mtu hanyamazi? Mama akasema, muombee asije akawa jirani yetu. Uso wako nitauzoea mimi. Wewe hutauona, basi usijipe shida nao. Mchanga unapapaswa, hautazamwi. Baba anaufinyanga akiwa amefumba macho kwa sababu ya moshi, na sufuria zake zinakaa sawa. Nitakushika mkono asubuhi na jioni, na ukinichosha nitakwambia. Lakini ongea. Hata kunitukana, ongea.

Na wewe, mdogo wangu: kuanzia leo, hata akushike shati namna gani, usije ukaniandikia uongo ule.

Dada yako.


13 Septemba 1987

Dada,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Barua yako ilifika Jumatatu nikaenda nayo hospitali moja kwa moja. Nilimsomea kama ulivyoniagiza. Nilipofika pale unaposema uso wake utauzoea wewe, akatoa sauti ya puani, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akaniomba nirudie habari ya muuza mkaa. Akasema muuza mkaa yule alikuwa mwizi na kwamba angeyarudia yote aliyomwambia. Akaanza kuongea, Dada. Aliongea juu ya mchanga wa Baba, anavyoweza kufunga kamba kutoka mlango wa chumba mpaka kwenye tanuri ili apite mwenyewe. Aliongea mpaka muuguzi akaja kumkemea.

Lakini kidonda cha shingo kilikuwa kimeoza ndani. Homa ilikuwa imeanza hata kabla sijafika na barua, na wao waliniambia ni ya kawaida. Alhamisi akaanza kuweweseka. Alikuwa ananiagiza nipashe kalibu, ananigombeza kwamba sijaipasha vya kutosha. Nikamwambia nimeipasha. Ijumaa asubuhi alikufa.

Dada, hii si ile barua. Najua ulichoniambia. Naapa kwa kaburi la Mama. Tumemzika jana kwa kuwa hospitali ilikataa kungoja, na jana hiyohiyo nikakupigia telegramu. Wenzetu wa zamu walikuja wote. Walisimama mbali na mimi.

Njoo. Au niambie nije.

Ndugu yako.


4 Oktoba 1987

Mdogo wangu,

Telegramu imefika, barua imefika. Siamini hata moja.

Mmefanya kazi nzuri safari hii. Mmetia kicheko ndani yake, mmemtia na muuza mkaa na kamba ya kwenda kwenye tanuri. Wewe huna uwezo wa kutunga kamba ile. Huo ni ubongo wake, yeye amekaa kitandani akakutamkia, wewe ukaandika. Mtu anayecheka Jumatatu hafi Ijumaa. Na mazishi ya haraka, ili nisidai kuuona mwili. Kila kitu kimejaa mpaka kwenye kona, hakuna hata tundu moja.

Umenifanya nikutilie shaka hata unapoapa kwa Mama.

Mwambie sikulia. Majirani walikuja kunipa pole, nikawarudisha mlangoni, nikawaambia mume wangu ni mgonjwa na ni mkaidi. Mama Mdogo amefika, ananitazama kama mtu anayetazama sufuria inayotaka kufurika. Mwache atazame. Nimefunga mzigo. Kwenye mzigo nimeweka shati lake la bluu, lile lenye kola pana, kwa sababu halitagusa shingo.

Mwambie nakuja, na ajiandae. Baba hajui lolote.

Dada yako.


6 Desemba 1987

Mdogo wangu,

Nimefika nyumbani salama. Gari liliharibika njiani tukakaa kando ya barabara mchana kutwa, lakini nimefika. Mama Mdogo anakusalimu.

Nakushukuru kwa kutobishana nami pale kituoni. Ungesema neno lolote ningekupiga mbele za watu. Ulichukua mzigo ukatangulia, mimi nikakufuata nikitazama kila dirisha, nikisema moyoni labda ni hapa. Tulipopita lango la makaburi nilikuwa bado napanga maneno ya kumwambia.

Hata pale juu ya udongo sikuamini sawasawa. Udongo ni udongo, yeyote anaweza kuwa chini yake. Sitakuficha, si wewe uliyeniaminisha. Ni yule muuguzi mnene. Nilipomuuliza habari za mgonjwa wa kitanda cha ukutani, hakunipa pole. Alilalamika. Alisema siku zake za mwisho aliongea mno, wenzake wodini walikuwa wanaomba ahamishwe. Hapo ndipo nilipoamini. Uliniona. Sikumbuki nilivyotoka nje.

Kiwanda ulinionyesha kwa nje. Tulisimama ng'ambo ya barabara tukasikia mashine zinafumba na kufumbua. Ukaniambia kipuri cha ile mashine ya mafuta kimeshafika, na kwamba siku hizi asubuhi wanaipasha kalibu vizuri kabla ya kuanza.

Mtoto nimemwambia. Aliuliza kama baba yake aliumia sana, nikasema hakuumia. Akarudi kucheza, jioni nikamkuta amelala chini ya kitanda chetu na viatu miguuni.

Tanuri sijaiwasha tangu nirudi. Watu wanaleta sufuria zilizotoboka, nawaambia wapeleke kwingine. Baba anasikia ua umekaa kimya, ananiuliza kwa nini hatufanyi kazi. Nilipanga kumwambia siku ile ile niliyofika. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikamshika mkono, umebaki mifupa na joto. Akaniuliza kabla sijafungua mdomo, "Mkwe wangu umemwacha wapi?" Nikasema yuko kazini, wamemwongezea zamu. Akasema vizuri, asije wakati wa mvua, mchanga haukauki wakati wa mvua. Kesho yake akauliza tena. Nikamjibu vilevile, na safari hii maneno yalitoka mepesi. Daktari ameniambia Baba hatazimaliza mvua hizi. Sina nguvu ya kumzika mume wangu mara ya pili mbele yake.

Nilikulaumu kwa mambo mengi mwaka huu. Nimeyaacha.

Sasa nisikilize. Baba anangoja barua kutoka kwako. Macho yake hayaoni tena maandishi, kwa hiyo hataniomba karatasi. Niandikie mapema, na uandike namna ambayo ninaweza kumsomea kwa sauti. Tia salamu, tia habari za kazi, sema shemeji yako ni mzima na safari yake imesogezwa mbele kidogo. Mimi nitaisoma vizuri.

Dada yako.